Watasema, Mbwa Wetu Mdogo

Pengine mwalimu huja nyumbani bila kualikwa, hana kitabu wala ubao. Mwalimu wetu sisi alikuja kwa miguu minne, amelowa maji, na uzito wake haukuzidi uzito wa kuku. Leo twapenda kuwasimulia habari zake. Si kwamba mbwa ni jambo kubwa kuliko shida nyingine za jamaa zetu, bali kwa sababu yake tuliliona kosa letu wenyewe, kosa ambalo nusura lipoteze maisha ya mtoto wa jirani.

Sisi twakaa Kalemie, mji ulioitwa Albertville mpaka miaka ya 1960. Hapo ndipo mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika na kuyachukua maji yake kwenda magharibi mpaka Lualaba. Ziwa letu hupokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, nao ni Lukuga. Mvua zikizidi mwaka hata mwaka, mlango huo hautoshi, na maji hupanda. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024. Ziwa liliingia katika nyumba za pwani, na watu wengi wakatoka wamebeba magodoro, masufuria na watoto, wakaenda kuomba mahali kwa ndugu zao waliokaa juu.

Nyumba yetu iko juu kidogo, kwa hiyo maji hayakutufikia. Walitufikia jamaa. Tulikuwa watu kumi na watatu chini ya paa moja, na ugali uligawanywa kwa hesabu. Jioni moja ya mwezi wa Mei watoto wetu walirudi kutoka pwani, wamemficha kitu ndani ya shati. Kumbe, kitoto cha mbwa! Walimkuta juu ya ukuta uliobomoka, maji pande zote. Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu ufuko aliuona, lakini miguu yake ilikuwa mifupi mno, hakuweza kuufikia.

Tuliona hasira. Tuliwaambia watoto, “Mrudisheni huko mlikomtoa.” Lakini Bibi, mama mzazi wa mmoja wetu, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango. Akauliza kwa upole, “Wamrudishe wapi? Majini?”

Hatukuwa na jibu. Mbwa akabaki.

Bibi ndiye aliyempa jina. Wazee wa zamani walipenda kumpa mbwa jina ambalo ni ujumbe kwa majirani, hata ukimwita mbwa wako, jirani asikie neno lake bila wewe kugombana naye. Bibi akasema, “Majirani watasema kwamba twalisha mbwa na huku wageni wana njaa. Basi, aitwe Watasema.” Tulicheka wote, na jina likamkaa.

Watasema hakukua sana. Leo amesimama chini ya goti la mtu mzima. Manyoya yake ni mafupi, ya rangi ya udongo mwekundu, kifua cheupe, masikio wima, na mkia umejikunja mgongoni. Habweki sana. Akifurahi hutoa sauti ya ajabu, kama mtu anayejaribu kuimba na ameusahau wimbo.

Mwalimu mmoja rafiki yetu alipomwona alitueleza jambo tusilolijua. Alisema kwamba mbwa wa namna hii ni wenyeji wa Kongo tangu zamani sana. Wawindaji wa msituni huwavisha kengele ya mti shingoni, maana mbwa hao hawabweki, na bila kengele mwindaji hawezi kujua mbwa wake yuko wapi kichakani. Katika miaka ya 1930 Wazungu waliwachukua wengine mpaka Uingereza, na mwaka 1937 walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa, watu wakasongamana kuwatazama. Wakawaita Basenji. Sisi tusemao Kiswahili twajua neno hilo lina maana gani: ni bashenzi, watu wa porini. Leo katika nchi za mbali mbwa hao hununuliwa kwa fedha nyingi, hulala juu ya mito, na hupelekwa kwa mganga wakikohoa. Hapa kwetu, walikozaliwa, twawatupia mawe.

Hatusemi kwamba Watasema ni Basenji safi. Mama yake hatukumwona, wala baba yake. Lakini maneno ya rafiki yetu yalituingia moyoni. Mara ngapi twakidharau kitu kwa kuwa kimezaliwa uani kwetu, tukingoja mgeni aje kutuambia thamani yake?

Miezi ya kwanza mbwa huyu alitufundisha mambo madogo. Alitufundisha kuamkiana. Katika nyumba iliyojaa watu na shida, sisi wazazi tulikuwa tumeanza kuingia jioni bila salamu, twauliza tu, “Chakula kiko wapi?” Watasema hakuingiwa na desturi hiyo. Kila aliyerudi, awe mkubwa au mdogo, mwenye ndakala za kitoweo au mikono mitupu, alilakiwa mlangoni kwa furaha ile ile. Siku moja mtoto wetu wa mwisho alisema, “Watasema peke yake ndiye anayefurahi nikirudi kutoka shule.” Hakusema kwa kutulaumu. Lakini usiku ule hatukupata usingizi mapema.

Alimfariji Bibi pia. Miguu ya Bibi imevimba siku nyingi, na safari yake ndefu ni kutoka kitandani mpaka kwenye kigoda. Sisi sote tulikuwa na kazi: soko, shule, bandari. Mbwa hakuwa na kazi, akakaa naye. Bibi alimsimulia habari za ujana wake, na mbwa alisikiliza hadithi ile ile mara ishirini bila kupiga miayo. Katika kitabu cha Tobia, kijana anapokwenda safari ya mbali, mbwa anafuatana naye. Hatendi mwujiza wowote wala hasemi neno. Yupo tu. Zamani tuliposoma habari hizo tulijiuliza kwa nini mwandishi alimtaja. Sasa twafahamu. Kuwapo tu karibu na mtu ni msaada pia.

Tena alimfundisha kijana wetu mkubwa huruma. Yeye alikuwa hodari wa kutupa mawe: mbwa, paka, hata ndege walimkimbia. Siku moja rafiki zake walimrushia Watasema jiwe, naye akaja mbio kujificha nyuma ya miguu ya kijana wetu. Kijana akasimama, hakujua afanye nini. Kisha akawaambia wenzake, “Acheni.” Tangu siku ile hatukumwona tena ameshika jiwe.

Wapenzi wasomaji, kama habari zetu zingekwisha hapa, zingekuwa tamu, lakini hazingekuwa kweli yote. Tulimpenda mbwa wetu, naam. Lakini kupenda kwetu kulikuwa kwa nusu.

Jirani yetu wa upande wa ziwa ni mvuvi, Mwislamu mwenye adabu na mtu wa maneno machache. Alitujia mara mbili. Mara ya kwanza alisema, “Jirani, mbwa wenu hupita katika ua wetu, na sisi mate yake ni najisi. Nawaombeni mjenge ua.” Tulimwitikia vizuri, kisha hatukujenga. Mara ya pili alisema, “Jirani, nimesikia waganga wa mifugo wanawachanja mbwa. Mmempeleka wenu?” Tulijibu kwamba tutampeleka. Alipoondoka tulitazamana, tukacheka: “Watasema!” Bibi hakucheka.

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Jina tulilompa mbwa kwa mchezo lilikuwa limekuwa ngao yetu. Kila neno la jirani, hata neno jema, tuliliona kuwa masengenyo. Mtu akishasema moyoni, “Waache waseme,” masikio yake huziba pande zote mbili. Hasikii fitina, wala hasikii shauri.

Katika kiangazi cha mwaka 2025, siku ya Jumamosi, mtoto wa jirani yule, mvulana wa miaka sita, aliingia uani kwetu kuufuata mpira wa matambara. Watasema alikuwa akiguguna mfupa nyuma ya jiko. Mtoto hakumwona, akamkanyaga mkia. Mbwa akageuka, akamwuma mguuni. Jeraha halikuwa kubwa: matundu mawili na damu kidogo. Lakini kilio cha mtoto yule bado twakisikia.

Mama yake alifika kabla yetu. Hakutugombeza. Alimbeba mwanawe mpaka penye maji, akatwaa sabuni, akaanza kuosha jeraha. Aliosha, akasuuza, akaosha tena, muda mrefu, mpaka sisi tuliosimama pale tukaona imetosha. Yeye hakuona imetosha. Dini yake ilimfundisha tangu utoto kuosha palipoguswa na mate ya mbwa.

Kwenye zahanati mwuguzi alipoambiwa jinsi jeraha lilivyooshwa alisema, “Mama, umefanya kazi kubwa kuliko yangu.” Kisha akatueleza, nasi twawapasha ninyi maneno hayo yafike mbali. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Ukiingia jeraha, hausafiri kwa damu. Hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongo, na safari hiyo yaweza kuchukua majuma machache au miezi kadhaa. Kwa hiyo kuosha mara moja kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15, huondoa sehemu kubwa ya sumu kabla haijaanza safari. Kisha sindano za chanjo huukinga mwili kabla ugonjwa haujafika ubongoni. Lakini ukishafika, na mgonjwa akaanza kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huo, wengi wao Asia na Afrika, na wengi ni watoto. Karibu wote waliumwa na mbwa.

“Na mbwa wenu,” mwuguzi akauliza, “amechanjwa?”

Twakiri kwenu kama tulivyokiri kwake: tulitazama chini.

Akasema sindano zianze siku ile ile, tena mbwa asiuawe. Akatueleza sababu. Mbwa mwenye ugonjwa huo katika mate yake hana siku nyingi za kuishi. Basi mbwa aliyeuma afungwe mahali salama na kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima, ale na kunywa kama kawaida, ni yakini kwamba siku alipouma hakuwa na sumu ile katika mate. Lakini akiuawa na kutupwa, hakuna atakayejua kweli, na hofu itabaki nyumbani kwa mtoto.

Fedha za sindano hatukuwa nazo, ila fedha tulizoziweka akiba kwa ajili ya shule mwezi wa Septemba. Tulizitoa. Jirani alitaka kulipa nusu; tukakataa, maana deni lilikuwa letu.

Tuliporudi nyumbani tulikuta vijana wa mtaa wamekusanyika mlangoni, wengine wana fimbo, mmoja ana panga. Wakasema, “Mtoeni mbwa!” Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake katikati ya mlango, na Watasema yuko nyuma yake. Tulijaribu kueleza maneno ya mwuguzi, lakini nani amsikilize mwenye kosa? Ndipo alipokuja baba wa mtoto. Vijana wakampisha, wakidhani atatoa amri. Akasema, “Aliyeumwa ni mwanangu. Nami nataka mbwa huyu aishi siku kumi. Mwenye kumpiga atanidai nini kama mwanangu akiugua?” Vijana wakatawanyika mmoja mmoja.

Tulimfunga Watasema chini ya mwembe kwa kamba imara, na kwa matete tukamzungushia ua, ule ua tulioombwa mwaka mzima. Ulitupotezea nusu ya siku, si zaidi! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikataa kujenga uzio wa matete, na sasa tulikuwa twalipa kwa fedha za shule, na kwa hofu.

Siku kumi zile zilikuwa ndefu. Kila alfajiri tulimpelekea maji, tukasimama kumtazama kama anameza. Je, mate yanamtoka? Je, macho yamebadilika? Je, akiitwa anageuka? Kila jioni, baada ya sala yake ya magharibi, jirani alikuja akasimama nje ya uzio. Aliuliza neno moja tu: “Amekunywa?” Nasi tulijibu, “Amekunywa.” Basi akarudi kwake. Siku ya nne Watasema hakula. Usiku ule hakuna aliyelala katika nyumba zote mbili. Asubuhi Bibi akagundua kwamba mtoto wetu wa mwisho alikuwa amemlisha kwa siri sehemu yake ya ugali, hata tumbo likamjaa. Tulitaka kumpiga, tukaishia kumkumbatia.

Siku ya saba jirani hakuondoka upesi. Tulimletea kiti. Tulipokuwa tumekaa, tulimwomba msamaha, si kwa ajili ya mbwa, maana mbwa alifanya yaliyo desturi ya mbwa akikanyagwa. Tuliomba msamaha kwa kuwa alituonya mara mbili, nasi tukamcheka. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Dini yetu yatuagiza kuosha mate ya mbwa. Haituagizi kumtesa. Kwetu husimuliwa habari za mtu aliyemkuta mbwa mwenye kiu jangwani, akamnywesha kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Nami nimewasamehe.”

Siku ya kumi Watasema alikula, akanywa, akaimba wimbo wake uliosahauliwa. Mtoto wa jirani alikuwa mzima, na mwuguzi akasema sindano zilizobaki hazihitajiwi tena. Juma lile lile tulimpeleka mbwa kwa mganga wa mifugo, kijana wetu mkubwa amemshika kamba. Sindano ya mbwa, wapenzi wasomaji, bei yake haikufika hata robo ya sindano moja ya mtoto.

Watu wengi hawajui kwamba dawa hiyo si ngeni. Mwaka 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka tisa, jina lake Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mvulana akapona. Tangu hapo umepita muda wa miaka zaidi ya 140. Dawa iko, maarifa yako. Kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kumshika mbwa wake kamba na kumpeleka. Kila mwaka tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, nchi nyingi huikumbuka vita hii, na mahali pengine mbwa huchanjwa bure siku hizo. Ulizeni katika mji wenu.

Basi, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba kumpenda mdogo si kumpapasa kichwa tu. Mbwa hawezi kujijengea ua, hawezi kwenda mwenyewe kwa mganga, wala hawezi kwenda kwa jirani kuomba radhi. Mambo hayo matatu ni ya mwenyewe. Ukikubali kuitwa bwana wa kiumbe kidogo, umekubali pia kuitwa mdeni wa kila mtu ambaye kiumbe hicho chaweza kumdhuru. Na je, si hivyo kwa watoto wetu pia? Baba anayempenda mwanawe na kuziba masikio jirani anapomwonya, apenda kwa nusu.

Bibi alipoulizwa kama tubadili jina la mbwa, alitikisa kichwa. “Jina ni zuri,” alisema. “Ninyi ndio mliolisikia vibaya. Watasema. Basi wakisema, sikilizeni kwanza.”

Tunapoandika maneno haya jua linatua nyuma ya vilima. Mpira wa matambara umeanguka tena uani kwetu. Mtoto wa jirani amesimama nje ya uzio, anaita, “Hodi!” Watasema ameinuka, mkia unacheza. Mmoja wetu amekwenda kuuokota mpira na kumpa mkononi.